Wajina Wawili na Ripoti Moja

Mtu akihukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na aliyemhukumu hata hajawahi kumwona uso, aanze kujitetea wapi? Antoinette alijiuliza hivyo akiwa amesimama jikoni, simu ingali mkononi.

Nyumbani kwao Ulaya, huko Saint-Josse, ilikuwa Jumapili kama nyingine. Bukari, yaani ugali, ilikuwa mezani, sombe ya majani ya muhogo inachemka, na maman Ngoy, mama yake, alikuwa bado amevaa kitenge alichokwenda nacho kanisani.

"Banasema nini?" mama aliuliza.

"Wamenikataa, maman. Nyumba ya wazee ya Laeken imenikataa."

"Jumapili? Bantu banakataa muntu Jumapili?"

"Mkuu wa zamu ndiye aliyenipigia. Alinionea huruma, akaona si vizuri niendelee kungoja. Anasema kuna kampuni inayowachunguza waombaji kazi, na ripoti yangu imeonyesha kwamba niliwahi kuhukumiwa kwa wizi kule Liège."

Maman Ngoy aliweka mwiko chini. Walitazamana, na wote wawili wakaelewa.

Bibi yake Antoinette, marehemu, kule Likasi walikotoka, aliitwa Antoinette Nday Mwenze. Kwa heshima yake, wajukuu wawili, Antoinette na binamu yake, walipewa jina lake lote, bila kupunguza hata herufi. Katika ukoo walijulikana kama Antoinette mukubwa na Antoinette mudogo. Wenyewe waliitana "majina", yaani wajina, na kila mmoja alimhesabu mwenzake kuwa nusu ya nafsi yake. Antoinette mukubwa, yule binamu, aliishi Liège. Miaka mingi iliyopita alichukua nguo dukani, akapelekwa mahakamani, akamaliza adhabu yake. Tangu siku hiyo ukoo haukulitaja tena jambo hilo.

"Nyamaza tu, mutoto wangu," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ukisema haiko wewe, batauliza ni nani. Utamutoa majina wako? Jina ya bibi irudi ku tribunal, mbele ya hakimu?"

Antoinette aliiweka simu mezani. Alikuwa amesomea kazi ya usaidizi wa wauguzi, usiku darasani na mchana akisafisha ofisi za watu. Kazi ya Laeken ndiyo aliyoiota. Hata hivyo, kumtaja wajina wake lilikuwa jambo ambalo ulimi wake haukuliweza.

Mlango uligongwa. Alikuwa Severina, Mtanzania wa ghorofa ya juu, mfanyakazi wa chama cha wafanyakazi, ambaye kila Jumapili alikaribishwa chakula.

"Hodi jamani! Mbona kumekuwa kimya kama kuna msiba?"

"Karibu, Severina," maman Ngoy alijibu. "Wewe na Swahili yako ya kitabu ya misa. Ikala hapa ku kiti. Bon, alors, kula kwanza, alors tutakuambia."

"Maman, alors mbili, yaani 'basi' mbili za Kifaransa, katika sentensi moja! Moja ungeniachia mimi."

Walicheka kidogo, kisha Antoinette akaeleza yote. Severina alisikiliza mpaka mwisho, huku bukari ikipoa mbele yake.

"Wewe mwenyewe umeiona hiyo ripoti?" aliuliza.

"Hapana. Nitaionaje? Ni ya kampuni."

"Karatasi ni yao, lakini taarifa ni zako. Sheria ya hapa, na ya Ulaya nzima, inakupa haki ya kuomba nakala ya kila walichoandika juu yako, na waseme wamekitoa wapi. Hulipi chochote. Wanapaswa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Wakiwa wamekosea, una haki ya kudai warekebishe."

"Na wakiniuliza mwizi ni nani?"

"Wajiulize wao wenyewe! Wewe unasema jambo moja tu: huyu si mimi. Sheria haikuombi umfichue mtu yeyote."

Maman Ngoy aliinua macho. "Haiombi?"

"Haiombi, maman. Anathibitisha yeye ni nani, basi. Kesho aende komini, ofisi ya manispaa, achukue hati yake ya casier, inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa. Hati ile inatolewa na serikali, haiokotwi mtandaoni."

Kesho yake Antoinette alikwenda komini. Hati ilitoka safi. Jioni aliandika barua kwa kampuni, Severina akimsaidia kupanga maneno, akaituma kwa rejista ili awe na ushahidi wa siku aliyoituma.

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kuisha. Kampuni ilikuwa imetafuta jina lake mtandaoni, ikakuta habari fupi ya gazeti la zamani, ikaibandika kwenye ripoti. Haikulinganisha tarehe ya kuzaliwa wala mji. Antoinette hakuwahi kuishi Liège hata siku moja! Alidai sahihisho. Kampuni ikakataa: habari ilikuwa wazi kwa umma, basi haikuona kosa.

"Sasa ni shauri," Severina alisema. "Tunalipeleka kwa mamlaka ya kulinda taarifa za watu. Tena kampuni binafsi hairuhusiwi kujikusanyia hukumu za watu inavyotaka, hata kama hukumu ni za kweli."

Kabla ya kutia sahihi malalamiko hayo, Antoinette alimpigia simu wajina wake.

"Majina, sitakutaja," alimwambia.

Mwenzake alijibu kutoka Liège: "Minajua. Lakini sikiliza, mudogo. Mimi nilishalipa yangu. Usinibebee tena. Simama, uwaambie wewe ni nani."

Antoinette alitia sahihi. Nakala ya malalamiko, pamoja na hati ya komini, aliipeleka mwenyewe Laeken. Mkuu wa nyumba ya wazee alisoma, akaona haya, akamwomba radhi, akampa kazi ile. Wiki iliyofuata Antoinette alivaa sare nyeupe yenye jina lake lote kifuani: Antoinette Nday Mwenze. Mzee mmoja alimuuliza jina hilo limetoka wapi, naye akamsimulia habari za Likasi huku akimfunga vifungo vya shati.

Ndipo kampuni ikapiga simu. Ilikuwa tayari kufuta ukurasa wa ripoti uliomhusu mara moja, mradi aondoe malalamiko.

Jumapili hiyo meza ilijaa. Antoinette mukubwa alikuwa amekuja kwa treni.

"Kubali, mutoto," maman Ngoy alisema. "Kazi uko nayo. Unatafuta nini tena?"

Antoinette aliwatazama wote, mama yake, Severina na wajina wake, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Wakifuta ukurasa wangu tu, wa majina utabaki kwao, na wa watu wengine tusiowajua. Nimeamua, maman. Kesho nawaandikia kwamba malalamiko siyaondoi."