Mistari ya Makaa

Kila alfajiri Wakiuru alimwachia mumewe Hiram chai kwenye chupa, akajitwika viazi kwenda kuuza soko la Kachibora. Zamani Hiram angekuwa shambani saa hizo. Sasa alilala tu, amegeukia ukuta. Alikuwa ameanguka kutoka paa la ghala, akavunjika mguu. Plasta ilikwisha kutolewa, na daktari alimwambia afanye mazoezi ya kutembea. Hakufanya.

Jumatano Chemutai, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumwona.

"Nakodisha shamba," Hiram alimwambia. "Jumamosi mtu anakuja kutia sahihi. Mimi nimekwisha."

"Na mguu?"

"Wa nini tena? Watu wamenitupa, dada. Hakuna anayenijali."

Chemutai hakubishana naye. Alikwenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa.

"Mtu akiumia muda mrefu, akili huhesabu mabaya tu," alisema. "Mazuri yanapita haoni. Kuyaona ni mazoezi, kama ya mguu. Mpaka Jumamosi, kila wema utakaotendewa, hata mdogo, chora mstari ukutani. Kama hakuna, usichore. Na moyo ukizidi kuwa mzito, niite twende kliniki. Huo nao hutibiwa."

"Ukuta utabaki mweupe."

"Si tutaona, bana!"

Jioni Hiram alichora mstari mmoja, shingo upande. Ulikuwa wa chai.

Alhamisi mvua ilinyesha mchana, na Hiram akasikia turubai likivutwa juu ya mahindi yaliyoanikwa uani; akadhani ni Wakiuru amepita mara moja. Wakiuru aliporudi, Hiram alimwambia, "Asante kwa kufunika mahindi."

Wakiuru alisimama, sufuria mkononi. "Mimi? Si nilikuwa sokoni! Kila siku nikirudi nakuta yamegeuzwa. Nilidhani ni wewe unajikokota."

"Mimi? Tangu yaanikwe sijatoka nje."

Walitazamana. Mavuno yao yote yalikuwa pale uani. Mahindi mabichi yakinyeshewa, au yakifunikwa siku nzima bila kupata jua, huota ukungu wenye sumu. Yao yalikuwa makavu, yanalia kama kokoto.

Ijumaa Hiram alishika ukuta, akajikokota hadi mlangoni, akangoja. Saa nne Nakhumicha, jirani yao mjane aliyetoka Bungoma, alipenya kwenye ua na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuutua. Alivuta turubai kwa mkono mmoja, akaanza kugeuza mahindi kwa mguu.

"Mama Nakhumicha!"

Majani yalianguka chini. "Wee Hiram! Utaniua!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie unifukuze? Si jirani yetu Kipketer alikuja na jembe lake akulimie, ukamwambia hutaki kuhurumiwa? Nikasema huyu ni kama kuku anayeatamia. Atasaidiwa bila kuguswa."

Hiram alicheka. Kicheko kilitoka kimekwaruza, kwani hakikuwa kimetumika siku nyingi. Kisha aliinamisha kichwa.

"Nipe hiyo fimbo iliyoegemezwa ukutani," alisema.

Alipiga hatua tatu. Goti liliwaka moto.

"Keti, utaanguka!"

"Nimeketi vya kutosha!"

Akapiga ya nne.

Jumamosi mwenye kukodi alifika na karatasi zake. Alimkuta Hiram amesimama uani, jasho linamtoka, anageuza mahindi kwa fimbo.

"Rudi na karatasi zako, ndugu yangu," Hiram alimwambia. "Shamba langu nalima mwenyewe. Na ukimpata Kipketer hapo njiani, mwambie Hiram anamwomba msamaha. Aje, na jembe lake."

Kila siku alitembea, na kila jioni alichora. Machi, mvua ya kupanda ilipofika, Kipketer alitangulia akichimba mashimo, Hiram akafuata nyuma akitia mbegu. Alichechemea, lakini alimaliza shamba lote.

Mwezi huo Nakhumicha aliitwa Bungoma kumuuguza mama yake. Wiki nzima Hiram alimkatia ng'ombe wake majani, akayabeba kichwani kwa mguu ule ule.

Jioni moja Wakiuru aliutazama ukuta, umejaa mistari mpaka dirishani. "Mume wangu, umehangaika na ng'ombe wa watu tangu asubuhi. Leo huchori?"

"Mstari huo si wa hapa," alisema Hiram, akinawa mikono. "Huo ni wa ukuta wa Nakhumicha."