Mzigo wa Moshi Mgumu

SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi, mjini Chirchik. Mkate wa duara ulikuwa mezani, mzima. Hakuna aliyethubutu kuumega. Watu waliotaka kuiba pamoja, halafu hata mkate hawamegeani! Hapo tayari pameoza.

"Rudia," Turgun, mkubwa wa genge, alimwambia Mohinur. "Mnapika nini kule kiwandani?"

"Erojeli, kaka. Wengine wanaiita moshi mgumu. Tunatengeneza jeli ya silika, yaani madini ya mchanga, tunailoweka kwenye spiriti mpaka maji yote yatoke. Kisha inaingia mtungi wa presha na gesi. Spiriti inafukuzwa taratibu, jeli isisinyae. Kinachobaki ni vitundu vidogo vidogo vyenye hewa."

"Kwa hiyo tunaiba hewa."

"Hewa inayozuia moto na baridi. Mnunuzi wako anaijua. Chukueni masanduku meupe, stoo ya mbele. Ya nyuma msiguse, bado mabichi."

Elyor, dereva, alimtazama Mohinur, dada yake, akajuta. Yeye ndiye aliyemleta.

"Sanjar atabaki na wewe, binti," Turgun alisema. "Nikimpigia nikasema mzigo safi, unaenda nyumbani. Nikisema vingine, anakuzika. Tumeelewana?"

Sanjar alikuwa anasafisha kucha kwa kisu. Hakuinua hata kichwa.

SAA SABA MCHANA

Ijumaa. Walinzi wote wa kiwanda walikuwa msikitini isipokuwa mmoja, na huyo walimfunga kamba bila kelele. Elyor akanyanyua sanduku jeupe kwa mkono mmoja. Turgun naye akanyanyua la kwake. Uso ukambadilika.

"Mbona jepesi?"

"Ndivyo lilivyo, kaka. Mohinur alisema..."

"Mohinur alisema, Mohinur alisema! Miaka yote nakata nyaya za shaba, mkono huu haujanidanganya hata siku moja. Hili tupu."

"Fungua basi uone."

Akafungua. Ndani kulikuwa na kibao cha rangi ya samawati hafifu, unaona vidole vyako upande wa pili. Turgun akakibonyeza kwa dole gumba kama anayepima embe sokoni. Kikavunjika vipande vipande.

"Vumbi! Mnanichezea akili, wewe na dada yako? Ndiyo maana akatukataza ya nyuma!"

"Kaka, wallahi hiki ndicho chenyewe. Cha nyuma hakijapita kwenye mtungi."

"Nyamaza. Pakia ya nyuma."

Makasha ya nyuma yalikuwa mazito, watu wawili kila moja. Turgun alipoyainua alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Loo, kheri angetukana!

SAA NANE KASORO

Barabara ya mfereji, hakuna mtu. Turgun alikaa sehemu ya nyuma ya gari na makasha. Elyor akasikia mfuniko ukibanduliwa, na harufu kali ya spiriti ikajaa gari zima.

"Simama!"

Akasimama, akashuka, akafungua mlango wa nyuma. Macho yakamwasha. Turgun alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha, mkononi kibonge kinatetemeka.

"Jeli! Dada yako kaniuzia jeli!"

"Turudi, kaka. Masanduku meupe bado yapo."

"Turudi tukute askari mliowapanga? Kikulacho ki nguoni mwako." Akatoa simu. "Sanjar atanimalizia dada yako. Wewe nitakumaliza mwenyewe."

Akaanza kubonyeza namba.

Elyor hakuwaza mara mbili. Alimpenda dada yake, basi. Akawasha kiberiti cha gesi, akakitupa ndani, akaubamiza mlango na kujitupa mferejini. Gari likalipuka juu ya kichwa chake. Turgun alipiga kelele kidogo tu.

Alipotoka majini, simu ililia mfukoni. Ajabu, ilikuwa bado nzima. Sanjar.

"Mkubwa hapokei. Vipi huko?"

"Mzigo safi," Elyor alisema. "Kasema umwachie Mohinur."

"Mpe simu aniambie mwenyewe."

"Hawezi. Anaendesha."

Sanjar akacheka, taratibu, bila furaha.

"Anaendesha? Elyor, mwanangu, Turgun hajui hata kuwasha gari."

Upande wa pili wa simu kiti kikasukumwa. Kwa mbali Elyor akamsikia Mohinur, sauti imejaa matumaini:

"Ni kaka Elyor huyo? Wamefika salama?"