Fundi Akata Miguu ya Madawati

Kila asubuhi Mashimba alikuwa wa kwanza kufungua karakana pale Mabatini. Kabla muuza chapati hajawasha jiko, randa yake ilikuwa imeshaanza kazi. Maranda ya mbao yalimfunika miguu hadi vifundoni.

Alitengeneza vitanda, milango na kabati. Lakini kazi aliyojivunia kuliko zote ni madawati ya shule ya msingi ya mtaani kwao. Zamani watoto walikaa kwenye sakafu ya vumbi. Wazazi wakachanga mbao, Mashimba akatoa nguvu zake. Siku ya kukabidhi alisimama mbele ya watu akasema, "Hakuna mtoto wa mtaa huu atakayekaa chini tena." Akina mama wakampigia vigelegele.

Binti yake, Rebeka, alikuwa darasa la pili. Nyumbani alikuwa mwepesi wa maneno kama redio. Darasani alisinzia, akajinyonganyonga, akaangusha penseli. Kusoma kulimshinda. Shule iliwaambia wazazi wake mapema: asipojua kusoma mwisho wa mwaka, atarudia darasa. Mashimba na mkewe Bernadeta walikosa raha.

Siku moja Masele, jirani yao mwenye kibanda cha kuchaji simu, alipita karakana. Masele ni mfupi, na ulimi wake ni mrefu.

"Fundi, nimetoka shuleni kumpelekea mwanangu sweta," alisema. "Binti yako nimemkuta amekaa kwenye mkeka."

"Mkeka gani?"

"Mkeka wa kukalia. Labda mbao zilikwisha zamu yake ilipofika."

Mashimba aliweka randa chini. Akatoka.

Njiani alipita kwenye meza ya biashara ya Bernadeta, aliyekuwa akikaanga samaki aina ya sato.

"Baba Rebeka, unakwenda wapi na maranda kichwani?"

"Kumtoa mwanangu shule ile. Wamemrudisha chini."

"Sikiliza kwanza, ndipo uropoke," Bernadeta alimwambia.

Mashimba alifika darasani akihema. Aliyoyaona yalimchanganya. Watoto wengine walikaa kwenye madawati. Wengine walisimama nyuma, vitabu juu ya meza ndefu. Mbele, karibu na ubao, wachache walikaa kwenye mikeka. Rebeka alikuwa hapo, kitabu mapajani.

"Shikamoo, Baba Rebeka," alisema Mwalimu Jovitha, msichana wa Bukoba aliyehamia mwaka ule.

"Marahaba. Mwalimu, sikutengeneza madawati ili mwanangu akae chini kama hana kwao."

"Karibu ukae, tuzungumze."

"Sikai."

"Basi tusimame," alisema Jovitha kwa upole. "Rebeka, kaa kwenye dawati lako la mwanzo, baba akuone."

Rebeka alipanda. Miguu ikaning'inia. Meza ikamfika kifuani. Alipotaka kuandika, mabega yakapanda hadi karibu na masikio.

"Wewe ni fundi," alisema Jovitha. "Unaona nini?"

Mashimba aliangalia. Jicho lake la ufundi halikumficha kitu.

"Dawati ni refu kwake," alisema polepole.

"Ulipima kwa mtoto gani?"

Mashimba alikuna kichwa. "Alikaa mwenyekiti wa kamati ya shule. Akasema limemkaa vizuri."

Watoto walicheka. Mwalimu naye alijikaza, akashindwa.

"Ukiranda mbao, unakaa?" aliuliza Jovitha kicheko kilipoisha.

"Nasimama. Nikipiga msasa nakaa kwenye kigoda. Nikipaka vanishi nachuchumaa."

"Ukikaa namna moja kutwa nzima?"

"Mgongo utaniua."

"Na mtoto ni hivyohivyo. Miguu isipofika chini, anachoka. Akichoka, akili inahamia kwenye maumivu. Kukaa vizuri ni nyayo zote mbili zifike sakafuni, na viwiko vilingane na meza. Anayehangaika anasimama nyuma, asimzibe mwenzake. Wasiozoea herufi nawaweka mbele, karibu nami. Kipindi kikiisha wanabadilishana. Mkeka huu si adhabu, baba. Ni safi, na ni wa muda wa kusoma tu. Kuandika wanarudi mezani."

"Na mwanangu?"

Jovitha alimpa Rebeka kitabu. Rebeka akarudi mkekani, akaweka kidole chini ya neno.

"Ma-ma a-na-ka-a-nga sa-to."

Ilikuwa sentensi moja tu. Mashimba alihisi kama gunia la mahindi limetuliwa mgongoni mwake.

"Haya wiki mbili zilizopita hakuyaweza," alisema Jovitha. "Ila mikeka haitoshi. Nahitaji madawati mafupi."

"Jumamosi nakuja na msumeno," alisema Mashimba.

Alikuja kweli. Safari hii hakumwita mwenyekiti. Aliwapanga watoto wa darasa la pili, akawapima kwa futi, kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Kisha akakata miguu ya madawati ya mbele, ya meza na ya benchi, polepole. Ya nyuma aliyaacha kwa warefu. Vipande vilivyobaki akaviunga chini ya meza mbili kuukuu, zikawa za kusomea kwa kusimama. Bernadeta na wenzake wakachukua zamu ya kufua mikeka kila Ijumaa.

Darasa halikuwa na vurugu. Kusinzia kulipungua. Penseli zilianguka mara chache.

Desemba, Rebeka alikuja karakana na bahasha ya matokeo, mama yake nyuma yake. Mashimba aliipokea. Bernadeta alifuta mikono yenye mafuta, akasogea.

"Nipe, baba, nisome mwenyewe," alisema Rebeka. Alisimama mbele ya meza ya kazi ya baba yake. "Re-beka Mashimba. Ame-faulu. Ataingia darasa la tatu."

Bernadeta alishusha pumzi ndefu. Mashimba aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta msumari.

Masele alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Hongera, fundi," alisema. "Na mimi nitengenezee kiti cha kibandani. Kile ulichoniuzia, tangu siku ya kwanza miguu yangu inaning'inia. Niliona aibu kusema."

Mashimba alicheka mpaka akashika meza. Akavuta kigoda, akachukua futi yake.

"Kaa kwanza," alisema. "Nikupime."