Barua Iliyofutwa

Saa 1:15 asubuhi, Jumanne, mkutubi wa shule alikuta wanafunzi wamesongamana mbele ya ubao wa matangazo. Kando ya ratiba ya mitihani ilibandikwa karatasi moja.

"Mama, leo ungetimiza miaka arobaini. Hapa nyumbani hakuna anayekutaja. Mama mdogo akiniona nalia anaondoka, kama vile"

Iliishia hapo. Mkutubi aliinyofoa, lakini Kidoti, binti aliyeiandika, alikuwa ameshaiona. Alitoka getini bila mkoba.

Saa nne mkutubi alibisha hodi kwao. Kidoti alilelewa na mama yake mdogo, mshauri wa wanafunzi pale pale shuleni, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye semina.

"Sirudi," Kidoti alisema nyuma ya mlango.

"Mtihani ni Alhamisi, mwanangu."

"Niliandika kwenye laptopu ya shule, nikafuta. Huwa naandika, nafuta. Sikumtumia mtu. Nani kaiona?"

"Nitakuletea jibu leo."

Ile karatasi ilikuwa picha ya kioo cha laptopu. Pembeni, saa ilionyesha 17:42, yaani saa 11:42 jioni ya Jumatatu. Basi kuna aliyekuwa akitazama dakika ile ile.

Alianza na jirani wa dawati la Kidoti, aliyecheka kuliko wote pale ubaoni.

"Nilicheka, ndiyo. Nilidhani ni shairi." Machozi yalimlengalenga. "Jana jioni nilikuwa uwanjani, muulize kocha."

Kocha alithibitisha. Akamwendea fundi wa kompyuta.

"Nikitaka umbea, dada, naenda kwa kinyozi," fundi alisema. "Niliondoka saa kumi. Kitabu cha mlinzi kile pale."

"Nani mwingine huona vioo vya wanafunzi?"

Fundi alikuna kichwa. "Mshauri. Mtoto akiandika maneno ya majonzi, mtambo humjulisha."

Mkutubi alishusha pumzi. Mlezi ambandike mwanawe ubaoni? Alimtafuta tarishi, ambaye hubandika matangazo.

"Nimebandika mimi," mzee alisema bila wasiwasi. "Asubuhi kilichomo kwenye printa ya ofisi ndicho tangazo. Miaka sita sasa. Leo nilikuta haina karatasi. Nilipoitia, ikatema ile moja."

"Hukuisoma?"

"Kwa miwani ipi, binti yangu? Imevunjika tangu Ijumaa."

Saa kumi mkutubi alikaa sebuleni na mshauri, karatasi mezani. Mlango wa Kidoti ulikuwa wazi kidogo.

"Jana uliamuru ichapwe. Karatasi zilikuwa zimekwisha."

"Nikadhani printa imegoma. Nikaja zangu nyumbani." Mshauri alifunika uso. "Nilitaka niisome polepole. Mtoto hasemi nami. Na mama yake ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Nikimwona analia naondoka ili asinione nami nalia."

Kidoti alitoka.

"Na zile nyingine nilizofuta?"

"Nimezisoma zote, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipogawiwa laptopu."

Kidoti alirudi chumbani, akaleta laptopu, akaiweka mezani mbele ya mkutubi.

"Mrudishie fundi. Alhamisi nitakuja na kalamu."

Kisha akamgeukia mlezi wake.

"Chumba chako na changu ni ukuta mmoja, mama mdogo. Siku zote hizo ulijua nalia. Mbona hukubisha hodi?"