Mistari ya Bwana Reginald

Jumatatu tarehe 9 Machi 1936, saa tano asubuhi, Susana, mtumishi wa nyumbani, alirudi kutoka sokoni Same akamkuta bwana wake amelala chali, macho wazi, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Reginald, mfanyabiashara Mwingereza, alikuwa amekufa. Ndiye aliyeviuzia vituo vya dawa vya Upare vipimajoto, mikasi na mabomba ya sindano.

Sajini Eliufoo alifika nusu saa baadaye. Kwenye mkono wa maiti aliona tundu moja dogo, halina mchubuko. Mezani palikuwa na kichupa cha kwinini, karatasi iliyoandikwa "Kumi, polepole, kwenye mshipa", na bomba la sindano lililochemshwa na kufungwa kwa kitambaa safi.

"Muuaji gani huchemsha bomba baada ya kuua?" alijiuliza.

"Bwana alikuwa na homa," Susana alieleza. "Dresa Daudi, yule mganga msaidizi, alimwachia hiyo dawa na karatasi, akaenda Kifaru kwa garimoshi Jumamosi. Leo saa mbili bwana akanituma nimtafute mtu anayejua kuchoma sindano. Niliwaeleza akina mama wa milimani pale sokoni. Wakasema watamtuma mtu."

"Nani alikuwa na ugomvi naye?"

"Bwana Fanueli. Juzi alimwapiza kuwa atakufa kifo kibaya."

Fanueli alikuwa na duka la vifaa vya Kijerumani karibu na stesheni. Hakukana.

"Nilisema, bwana. Vituo vimeagizwa vinunue vya Mwingereza, vyangu vinajaa vumbi. Lakini Mwingereza gani anauza bomba kwa bei ya kikombe? Bei ile ni ya Mjapani."

"Leo kati ya saa mbili na saa tano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Stesheni, napokea masanduku. Muulize karani. Na kuchoma sindano sijui. Nikiona damu nazimia."

Karani alithibitisha. Eliufoo akarudi nyumbani kwa marehemu, akalichunguza tena lile bomba. Neno ENGLAND lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya buluu. Alilikwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka. Chini yake kioo kilikuwa kimesuguliwa, zikasalia herufi tatu: PAN.

Daudi alishuka kwenye garimoshi saa tisa alasiri, akaja moja kwa moja nyumbani kwa marehemu.

"Shikamoo, bwana Sajini."

"Marahaba. Mwandiko huu ni wako?"

Daudi aliitazama karatasi, uso ukampauka. "Ni wangu. Lakini kumi ni kipimo cha kawaida. Hakiui mtu."

"Nipe kikombe chako cha kupimia dawa."

Eliufoo alivuta maji kwa lile bomba hadi mstari wa kumi, akayamimina kikombeni. Yakafika thelathini.

Daudi akakiinamia kikombe, akausoma mstari tena.

"Mistari ya Kijapani marehemu aliifuta," Sajini alisema, "akachora ya Kiingereza kwa mkono wake. Akakosea, kumi yake ikawa thelathini. Daudi, umewahi kusikia mgonjwa aliyekufa kwa dawa kuzidi?"

"Mwaka juzi, kituo kimoja upande wa Mbaga. Mtoto wa mama mmoja, Priska. Nesi aliyemchoma sindano alikuwa mdogo wake Priska mwenyewe. Akafukuzwa."

"Jina?"

"Raheli."

Kesho yake saa sita mchana, Eliufoo alimkuta Raheli huko Mbaga, shambani nyuma ya jiko la dada yake, akipalilia maharage. Alipomwona askari aliweka jembe chini.

"Nilijua utakuja. Sikukutegemea upesi hivi."

"Jana ulikuwa sokoni Same."

"Nilikuwapo. Niliposikia mgonjwa ni nani, nilikwenda mwenyewe. Hakunijua, Sajini. Alinishukuru."

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kumi, kama alivyoandika dresa. Bomba nililitoa kabatini mwake, katika yale anayouza. Ningekuwa muuaji kama ningezidisha. Sikuzidisha hata tone. Mistari yake ingekuwa ya kweli, leo angekuwa anakunywa uji."

"Lakini ulijua kuwa si ya kweli."

Raheli alimtazama bila kupepesa. "Nilijua. Mwaka mzima niliamini mimi ndiye niliyemuua mwana wa dada yangu. Sikuweza kula chakula alichopika. Halafu siku moja nikapima maji kwa bomba lile lile. Nikawaandikia wakubwa barua mbili. Unajua walijibu nini? Kwamba kifaa cha Uingereza hakina kasoro, kasoro ni mkono wa mwenyeji."

"Ungekuja kwangu."

"Na wewe ungewaandikia wale wale."

Eliufoo alifungua mfuko akatoa pingu.

"Hujuti?"

"Najuta alikufa upesi. Mtoto yule alihangaika siku mbili." Akanyoosha mikono. "Mabomba yale yako vituo vingapi?"

"Kumi na saba. Nimeona orodha yake. Jana jioni nilituma askari wayakusanye yote."

"Bila kuwauliza wakubwa?"

"Bila kuwauliza."

Hapo ndipo Raheli alipolia, kwa mara ya kwanza.

Priska alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alimwendea mdogo wake, akavua kanga begani, akaizungusha juu ya zile pingu, akaifunga fundo taratibu kama anavyofungwa mtoto mgongoni.

"Mpitishe njia ya sokoni, bwana," alimwambia Sajini. "Katikati ya watu. Mimi nitatangulia, nikiwaambia alichofanyiwa mwanangu, na nani amemlipizia."