Bibi Aliyezikwa Muhula wa Kwanza

Bibi Kolastika wa Mgeta alikuwa na afya ya kuudhi watu. Alfajiri alikuwa bondeni tayari, akimwagilia kabichi. Jua likipanda, naye alipanda mlima na ndoo kichwani, akiwakuta vijana wamesimama njiani wanahema.

"Tangulieni, wanangu," aliwaambia. "Mimi mzee nitawafuata."

Wakatangulia. Kona ya pili akawapita.

Kilichompunguzia raha ni upweke tu. Binti yake, Glory, aliolewa mjini Morogoro. Aliishi Mwembesongo na mumewe, Yohana, na mtoto wao Felista, msichana wa darasa la nne. Yohana alikuwa dereva wa lori la mboga. Lori lilipanda Mgeta tupu, likashuka limejaa kabichi za kupelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo kila alipopangiwa safari ya Mgeta, Yohana aliwapakia mke na mtoto, bure, bila nauli. Shule ziwe zimefunguliwa au zimefungwa, hilo halikumsumbua. Wiki nzima Felista alikula njegere mbichi shambani, usiku akalala na bibi yake kitanda kimoja.

Bibi hakuuliza habari za shule. Angeulizaje, na mjukuu yuko mapajani?

Mwezi wa tano, Bibi aliamua kushuka mjini bila kumwambia mtu. Alibeba tenga la njegere, akafika Mwembesongo jioni. Glory alimpokea kwa furaha, lakini macho yake yalihangaika. Yohana alikuwa safarini.

Asubuhi Felista hakuamka kwenda shule.

"Tumbo linaniuma, Bibi."

"Wapi?"

Felista akaonyesha kitovu. Kisha akaonyesha mbavu.

"Tumbo lako linatembea," Bibi akasema. "Basi na litembee mpaka shuleni. Nakusindikiza."

Felista alikaa kitako ghafla. "Hapana, Bibi! Wewe usije shuleni!"

"Kwa nini, nanuka?"

Glory alikuwa mlangoni anakaanga maandazi ya kuuza. Mwiko ukamponyoka. "Mama, si upumzike? Umechoka na safari."

Bibi aliwatazama wote wawili. Ukitaka mwanamke huyo aende mahali, mwambie asiende. Akajifunga kanga vizuri, akamshika mjukuu mkono.

Shuleni walimkuta Mwalimu Ahmadi, mwalimu wa darasa la Felista, amesimama barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuletea mjukuu wangu. Yeye anasema tumbo, mimi nasema uongo."

Mwalimu Ahmadi akacheka. "Karibu sana. Wewe ni bibi mzaa baba?"

"Mzaa mama. Natoka Mgeta."

Mwalimu akaacha kucheka. "Mgeta? Basi utakuwa mdogo wake marehemu. Poleni sana, mama."

"Marehemu yupi?"

"Mama yake Glory, Bibi Kolastika. Si alifariki mwezi wa tatu? Sisi walimu na baadhi ya wazazi tulikwenda kuwapa pole. Tulipeleka rambirambi ya unga, mchele na sukari."

Bibi alimtazama Felista. Felista alitazama viatu vyake.

"Alikufa kwa nini, maskini?" Bibi akauliza.

"Presha, tuliambiwa. Ghafla tu."

"Na mazishi yalikuwa na watu?"

"Felista alituambia walijaa."

"Afadhali," Bibi akasema. "Wangekuwa wachache ningekasirika. Mwalimu, Kolastika ni mimi."

Mwalimu Ahmadi hakuogopa. Ila alirudi nyuma kidogo.

Kisha alimkaribisha Bibi kwenye benchi. Felista akakaa katikati yao, kichwa chini.

"Sasa nimeelewa," mwalimu alisema. "Baba yake alikuja mara ya kwanza akasema bibi anaumwa. Nikampa ruhusa. Mara ya pili akasema bibi ni mahututi. Nikampa. Mara ya tatu ukafariki kabisa."

"Lakini ni wiki moja moja tu, mwalimu. Si ananakili kwa mwenzake?"

"Alinakili, na daftari lake ni safi. Lakini mtoto akisema 'sijaelewa', daftari halimjibu. Ninyi Mgeta mnalima matuta ya ngazi, sivyo? Tuta la chini likibomoka, la juu linakaa?"

"Linakaa wapi! Linashuka lote na kabichi zake."

"Na masomo ni hivyo hivyo. Wiki uliyozikwa, mama, darasani tulikuwa tunajifunza kugawanya namba kubwa. Felista hakuwepo. Aliporudi tukawa tunafanya hesabu za sehemu, na sehemu zinataka ujue kugawanya. Hakuelewa, akaona aibu kuuliza, akanyamaza. Tena wenzake wakawa wanamuuliza habari za msiba, ikabidi atunge. Leo tumbo, kesho kichwa. Mwezi huu siku alizokosa ni nyingi kuliko alizokuja. Na mwisho wa mwaka kuna mtihani wa upimaji wa darasa la nne. Naogopa atakata tamaa mapema."

Felista akaanza kulia. "Sitaki tena shule, Bibi. Nataka nikae Mgeta na wewe, nimwagilie kabichi."

Miezi yote Bibi alikuwa akiomba kusikia maneno hayo. Sasa alikuwa ameyasikia, na hayakuwa na utamu. Alimfuta mtoto machozi kwa pindo la kanga.

"Na ugonjwa wa kweli ukitokea?" akauliza polepole. "Au msiba wa kweli?"

"Hapo mtoto aende, na sisi tuambiwe ukweli. Nitampa kazi ya kufanya huko huko. Akirudi nitakaa naye mpaka awafikie wenzake. Lakini kutembea na kula njegere kuna likizo zake. Kuna ya mwezi wa sita, kuna ya Desemba, na zile fupi za katikati. Tarehe zake mzazi anaweza kuziuliza tangu mwaka unaanza, akapanga safari mapema."

Jioni Yohana alirudi. Uani alikuta mama mkwe wake amelala chali kwenye mkeka, amenyooka, kajifunika kanga mpaka kichwani.

"Shikamoo, mama."

Kanga haikutikisika.

"Mama, shikamoo."

"Maiti haiitikii," sauti ikatoka chini ya kanga.

Yohana alimtazama mkewe. Glory akaangalia pembeni. Majirani wawili waliokuwa wanaanua nguo wakaanza kukunja moja moja, taratibu sana, wasikose neno.

Mkwe hamzoei mama mkwe. Yohana hakuwa hata na kawaida ya kumtazama usoni. Alipiga magoti mbali na mkeka. "Mama, nisamehe. Nilishasema mgonjwa, nikasema mahututi. Nikaona mwalimu hatakubali tena."

"Ukaona unizike. Na mama yako aliye Kilosa, mbona hukumzika yeye?"

"Yule... nilimwogopa."

Majirani walicheka wazi. Kanga nayo ikatikisika.

"Sukari yangu ya rambirambi mmekunywa?"

"Tulikunywa, mama."

"Ilikuwa tamu?"

"Haikupita vizuri kooni, mama."

Bibi akajifunua, akakaa. Sasa hakuwa anacheka.

"Sikilizeni. Mimi ndiye niliyekuwa napiga simu, leteni mtoto, leteni mtoto. Sikuuliza mmemtoa wapi. Hilo ni langu. Lakini maiti yangu tumemtwisha mtoto, na leo ameniambia hataki shule tena. Kesho tunakwenda kuitua."

"Lakini mama," Glory akasema, "lori ni bure. Likizo ikifika na lori lina safari nyingine, tutakuja na nini?"

"Nitamwomba tajiri mwenye lori mapema anipangie Mgeta wakati wa likizo," Yohana akajibu. "Akikataa, tutapanda basi, tukae siku chache. Nimekoma."

Kesho yake wakaenda wote. Yohana alisimama mbele ya walimu, akasema ukweli. Aliahidi kurudisha unga, mchele na sukari, na wiki ile ile akarudisha, na kabichi juu. Kisha Mwalimu Ahmadi akamwingiza Bibi darasani.

"Huyu ndiye bibi yake Felista," akawaambia watoto. "Yuko hai, kama mnavyomwona. Kosa lilikuwa la wakubwa, na wakubwa wameomba radhi. Felista asiulizwe tena."

Mtoto mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Bibi, huko ulikotoka kukoje?"

"Baridi, mwanangu," Bibi akajibu. "Mgeta kuna baridi sana."

Darasa zima likacheka. Bibi alitupa jicho kwa Felista. Alikuwa anacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo, baada ya vipindi, Felista alibaki kidogo na Mwalimu Ahmadi. Mara ya kwanza aligawanya akakosea, akalia. Mara nyingine akakosea, akafuta mwenyewe. Siku alipopata, alirudi nyumbani mbio, akamgawanyia mama yake maandazi yote ya biashara kabla hajaombwa. Tumbo halikuuma tena.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Yohana alikuwa ameshaomba safari. Lori likapanda Mgeta na Felista mbele, kichwa dirishani. Safari hiyo hakuna aliyekuwa mgonjwa, hakuna aliyekufa, na hakuna aliyeambiwa anyamaze. Bibi alimpa kazi ya kugawa viazi kwa ndugu waliosaidia kuvuna. Felista alihesabu viazi, akahesabu watu, akagawa. Hakuna aliyenung'unika, jambo ambalo katika ukoo ule halikuwahi kutokea.

"Vimebaki viwili, Bibi. Havigawanyiki."

"Vya mwalimu," Bibi akasema.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka, mizigo ilikuwa imefungwa, Yohana anapasha injini moto. Bibi alikaa kizingitini, akashika kifua.

"Aa, mjukuu wangu. Hapa pananibana. Labda ukikaa wiki moja tu, patapoa."

Felista alimtazama. Aliiangalia ile mikono yenye nguvu, na yale macho yanayocheka. Akampigia magoti, akamkumbatia shingoni.

"Kikubane Desemba, Bibi," akasema. "Jumatatu nina shule."

Akapanda lori mwenyewe, bila kusukumwa. Bibi alicheka mpaka lori likapotea kwenye kona. Kisha akachukua ndoo yake, akashuka bondeni kwenye kabichi.