Kipaza Sauti cha Mama Anastazi

Kati ya neno "ndizi" na neno "maharage" kulikuwa na pumzi ambayo Joyceline hakuivuta.

Aliisikia Jumatatu asubuhi akiwa ameinama kwenye sufuria, ukungu wa Kasulo haujaondoka. Kaseti ya tangazo la kibanda chake aliijua kama anavyoijua sala ya kulala. Sauti yake mwenyewe ilisema: "Karibuni kwa Mama Anastazi. Ndizi za moto, maharage, chai ya tangawizi. Njoo, usiogope. Mama yupo hapa. Njoo ule." Kisha pumzi moja, kisha inaanza upya. Pumzi ilikuwa mwishoni tu. Sasa kulikuwa na nyingine katikati, ndefu, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani.

"Baba Anastazi," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

Juvenali alikuwa akifunga gunia la mkaa kwenye baiskeli. "Nimesikia nini?"

"Redio imehema."

"Basi imechoka," Juvenali alicheka. "Si inafanya kazi yako kutwa nzima?"

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka ule wa 1995 barabara ya Kasulo, jirani na kambi, ilijaa wakimbizi, malori ya chakula na wafanyabiashara kutoka Mwanza, na kila mwenye sufuria alifungua hoteli. Vibanda kumi na saba vilijipanga upande mmoja, na aliyeita kwa nguvu ndiye aliyepata wateja. Joyceline hakuweza kuita. Hata shuleni aliposimamishwa kusoma ubaoni alinong'ona. Alikuwa akisimama kando ya barabara nusu ya siku, pindo la kanga mdomoni, watu wakimpita kwenda kwa jirani, na nyuma yake maharage yakiungua.

Ndipo Juvenali alipoleta kutoka Biharamulo redio ya kaseti inayojigeuza yenyewe mkanda ukiisha, betri ya lori, na kipaza sauti cha bati kilichofunguka kama ua la boga. Alikitundika juu ya mlingoti mbele ya kibanda.

"Utasema mara moja tu," alimwambia mkewe. "Baada ya hapo yenyewe itaita asubuhi hadi jioni. Wewe pika."

"Niseme nini kwa watu nisiowajua?"

"Usiwaite watu. Mwite Anastazi, kama unavyomwita jua likizama."

Joyceline alijifungia chumbani, akafumba macho, akamwita mwanawe. Ndiyo maana tangazo lilikuwa na maneno yale.

Wateja walikuja. Ndassa, dereva wa lori, Msukuma mwenye tumbo na mdomo usiotulia, alisimama kila safari. "Mama Anastazi, mimi nina miaka hamsini," alisema, "lakini ukisema mama yupo hapa, breki inajikanyaga yenyewe!" Joyceline aliinamisha uso na kucheka ndani ya kanga. Sasa alipika bila haraka, alifua, siku nyingine hata alijinyoosha mkekani mchana. Anastazi, mwenye miaka mitatu, alicheza chini ya mlingoti. Mama yake hakuwa na haja ya kumwita. Sauti ikisema njoo, mtoto aliinua uso kulitazama bati, akajibu, "Mama."

Kwa Wahangaza, watu wa Joyceline, mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na mtu usiyemwona uso, usiitike. Joyceline alifundishwa hivyo na bibi yake, kwa kufinywa sikio. Anastazi hakumfundisha. Angemfundishaje, wakati aliyeita kutwa bila uso alikuwa mama yake?

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo yeye na mumewe hawakulitaja hata wakiwa wawili. Kaseti iliyokuwa ikiita sasa haikuwa yao.

Ilikuwa ya Niragira, mwanamke wa kambini, Mrundi. Alipotezana na mwanawe Akimana njiani, usiku wa kuvuka mto wa mpakani, mtoto wa miaka mitatu. Aliuza blanketi lake akapata kaseti, akaomba redio ya jirani, akamwita mwanawe humo kwa Kirundi. Alikuja nayo kwa Joyceline akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Dada, hiyo bati yako inasikika hadi wanaposhukia watu wapya," alisema. "Niwekee mara moja kila asubuhi, kabla ya biashara. Nimemwambia akinisikia aseme 'ndaje', yaani naja. Mtu wa karibu atamsikia."

Joyceline alikubali kwa moyo wote. Asubuhi tatu aliiweka. Asubuhi ya nne ilikuwa siku ya gulio, na redio ikautafuna mkanda wa tangazo, ukatoka kama utumbo wa kuku. Kaseti nyingine haikupatikana. Barabarani watu walipita kama maji.

"Rekodi juu ya hiyo," Juvenali alisema.

"Ya Niragira?"

"Nitamnunulia mpya Biharamulo. Leo ni gulio, mama. Fanya haraka."

Joyceline alijifungia tena chumbani, akafumba macho, akarekodi maneno yale yale. Juvenali alikwenda Biharamulo mara mbili, na mara zote mbili alisahau.

Niragira aliendelea kuja. Alikaa chini kando ya mlingoti, akajifunika, akasikiliza. "Leo mmeshamwita?" aliuliza.

"Tumeshaita, dada," Joyceline alijibu bila kumtazama. "Umechelewa kidogo."

Kesho yake akawahi zaidi, kabla ya jua. "Mmeshamwita?"

"Tumeshaita. Umechelewa kidogo."

Aliwahi hivyo wiki tatu. Halafu ugonjwa wa kuhara ukapita kambini, na Niragira hakuja tena. Waliomzika walisema alikufa akiuliza kama kumekucha. Joyceline alilia siku ile. Kesho yake aliwasha redio, kwa sababu ndizi zilikuwa zimeshamenywa.

Pumzi ilianza wiki moja baadaye.

Jumanne pumzi zilikuwa mbili. Jumatano ikaja harufu: nguo mbichi, tope la mtoni, na dawa ile kali ya kusafishia maji ya kambini. Joyceline alisugua sufuria kwa majivu, akabadilisha maji, akapika upya. Mteja mmoja alionja chai akaitema. "Mnachota wapi maji, kaburini?" Joyceline alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji.

Alhamisi Ndassa alishuka kwenye lori akicheka. "Mama Anastazi, umenipa jina jipya leo! Tangu kule kona nasikia Akimana, Akimana. Mimi naitwa Ndassa!"

Hakuna aliyecheka naye. Joyceline alikuwa ameshika upawa hewani. Kutoka juu, kwa sauti yake yeye, ile aliyoirekodi chumbani macho yamefumbwa, ilikuja: "Ndizi za moto. Akimana. Maharage. Akimana. Njoo, usiogope. Mama yupo hapa."

"Zima," alinong'ona. "Baba Anastazi, zima."

Juvenali alizima. Sauti haikunyamaza. Alichomoa nyaya kwenye betri, akazishika mkononi, na sauti haikunyamaza. Ndipo walipoona watoto wa kambini, saba au wanane, wale wasio na wazazi, wamesimama chini ya mlingoti na vibakuli vitupu. Hawakuomba chakula. Walikuwa wametazama juu, ndani ya lile ua la bati, na Anastazi alikuwa katikati yao akitazama nao.

Juvenali alipanda mlingoti kwa hasira, akakata kamba, akalibeba bati begani hadi kwenye shimo kilipochimbwa kifusi cha barabara, nyuma ya vibanda, lililokuwa limejaa maji ya mvua, akalitupa humo pamoja na redio na kaseti yake. Jioni aling'oa na mlingoti wenyewe akaupasua kuni.

"Basi," alisema. "Kesho utaita mwenyewe."

Lakini kesho yake saa sita mchana, jua likiwa kali na barabara imetulia kwa joto, Joyceline alikuwa akichambua mchele mlangoni na mwanawe akicheza hatua tano mbele yake, na sauti ikaanza, sasa haikutoka juu, ilitoka chini, nyuma ya vibanda, nzito kama inayopita ndani ya maji, njoo, usiogope, mama yupo hapa, na Anastazi akainuka, akajipangusa mchanga magotini kama alivyofundishwa kufanya akiitwa kula, akaanza kutembea, na Joyceline akamwita, "Anastazi!", na mtoto hakugeuka, akamwita tena akiwa ameshasimama na mchele umemwagika wote, akakimbia na kanga ikimfunga miguu, akaita kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo, na nguvu hizo hazikutosha kufika kwenye mgongo wa mtoto, kwa sababu sauti iliyotoka mdomoni mwake ilikuwa nyembamba na ngeni, na ile iliyotoka shimoni ndiyo iliyokuwa ya mama yake.

Ndassa ndiye aliyemdaka, akitoka kujisaidia nyuma ya kibanda. Maji yalikuwa yameshafika kifuani mwa mtoto.

"Mtoto gani huyu haogopi maji?" Ndassa alisema akitweta. "Mbona anatabasamu?"

Tangu hapo Anastazi alikula, alilala, alicheza, lakini ukilitaja jina lake hakugeuka. Katekista alikuja akasali, na wakati wa sala harufu ya tope ilizidi. Sauti iliendelea shimoni kila mchana. Vibanda vya jirani vilihama. Ndassa akasema kuna mganga, Shibuda, aliyehamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, na akamleta kwenye lori bila kudai nauli.

Shibuda alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua. Alikaa kwenye ukingo wa shimo akasikiliza kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba," Joyceline alisema.

"Marahaba. Sauti hii ya nani?"

"Yangu."

"Na anayeita ni nani?"

Joyceline alieleza yote, hata "umechelewa kidogo". Juvenali alitazama viatu vyake.

"Mimi huwa natoa majini," Shibuda alisema taratibu. "Natoa kwa mbuzi, kwa dawa, kwa ngoma. Huyu si jini. Huyu hakula chenu, ninyi ndio mliochukua chake. Mlimwahidi kumwitia mtoto, mkawaita wateja."

"Tufanye nini?" Juvenali aliuliza. "Tununue kaseti mpya?"

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mlevi. "Kaseti! Mkeo amwite mtoto huyo kwa mdomo wake. Barabarani, mbele za watu. Kila asubuhi kabla ya moto kuwashwa. Mpaka aitike."

"Na kama mtoto huyo alishakufa, baba?" Joyceline alinong'ona.

"Hilo mama yake hajali tena. Anataka kuitikiwa."

Basi Joyceline, aliyeshindwa kusoma ubaoni, alisimama barabarani kila alfajiri na kuita. "Akimana! Akimana, njoo! Mama yupo hapa!" Siku za kwanza watu walimcheka. "Mama Anastazi, umegeuka redio?" Wengine walidhani anatangaza chakula wakaja na vibakuli. Aliita hadi koo likavimba, hadi sauti ikafanya mkwaruzo, na kabla ya kila mwito alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani. Kadiri alivyoita, ndivyo ya shimoni ilivyofifia. Siku ya thelathini haikusikika kabisa. Harufu ikaondoka. Juvenali akaanza kuzungumzia kurudisha wateja.

Siku ya thelathini na mbili ukungu ulikuwa mzito. Joyceline alisimama mahali pake, akavuta pumzi, akaita.

"Akimana!"

"Ndaje, mama."

Mwitiko ulitoka nyuma yake, ndani ya nyumba.

Anastazi alitoka mlangoni akifikicha macho. Joyceline alipiga magoti, akafungua mikono. Mtoto alimpita. Alikwenda hadi pale mlingoti ulipokuwa umesimama, mahali ambapo sasa palikuwa na tundu tu lililofukiwa, akajipangusa magoti, akakaa chini, pale alipokuwa akikaa Niragira.

"Anastazi," Joyceline aliita, kwa kile kilichobaki cha sauti yake. "Anastazi, mwanangu."

Mtoto hakugeuka. Alilaza kichwa upande, kama mtoto anavyoegemea ubavu wa mama yake, akafumba macho. Na hapakuwa na kitu cha kuegemea.